Shemeji yangu "Profesa" alivyofyeka mikorosho ya marehemu mzee ili aifufue

Wakuu, habari za mihangaiko.

Leo wateja wa spea wamegoma kuja, nimekaa tu dukani Gerezani, nikaona niwaletee hili. Humu hakuna chai, yote yamenikuta.

Marehemu mzee alituachia shamba la mikorosho Mkuranga. Alilipanda mwenyewe baada ya kuhamia Dar kutoka Newala. Sasa mikorosho imezeeka: mirefu, matawi yamesongamana, ukungu kila msimu. Unavuna korosho za kutafuna na chai, basi.

Mama naishi naye Magomeni. Kila dalali akija na stori za kukata viwanja, jibu lake ni moja: "Miti ya mume wangu iko hai. Unanunua nini?"

Bibi shamba wa kule akatushauri vizuri tu. Kateni michache kwanza, yabaki mashina. Yakichipua, mnabebesha vikonyo vya mbegu mpya inayohimili ukungu. Yaani unachukua kijiti cha mkorosho bora, unakiunga kwenye chipukizi la ule wa zamani.

Mizizi ya mzee, korosho mpya. Mama akakubali kwa sharti: michache!

Hapo ndipo akaingia shemeji, mume wa dada yangu. Anauza mapazia Kariakoo. Elimu yake ya kilimo aliipata YouTube akisubiri wateja. Tukamwita Profesa kwa utani, naye akaitika bila aibu.

"Shem, wewe baki na spea zako. Hii kazi niachie."

Duka lilikuwa limenibana, nikamwachia.

Wakuu, Profesa alikodi msumeno wa mashine akalaza shamba ZIMA. Nilipofika nilidhani nimepotea njia. Mashina matupu, na yeye katikati anajipiga selfie.

"Michache ni mawazo ya kimaskini, shem. Think big."

Kumwambia mama nikaachiwa mimi, maana ghafla Profesa alipata mzigo wa kushusha.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Yote?"

Nikasema yote. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwa siku kadhaa nikawa nawekewa chakula mezani, lakini siongeleshwi. Bora angenitukana.

Mashina yakachipua, tukapata matumaini. Profesa akatumwa kufuata vikonyo. Maelekezo ya bibi shamba hata mtoto angeyashika: vifunge kwenye kitambaa kibichi, viweke kivulini, vibebeshwe haraka.

Profesa akapitia kwanza Kariakoo kupimia mteja mapazia, vikonyo kaviacha kwenye buti la gari, gari juani. Akavibebesha hivyo hivyo, tena kwa confidence ya daktari bingwa. Vyote vikakauka.

Maelezo yake? "Udongo wa huku una shida."

Udongo, wakuu! Uliolea mikorosho hiyo tangu sijazaliwa.

Nikafunga duka, nikamfuata bibi shamba mwenyewe na kuomba radhi kwa niaba ya YouTube. Alicheka sana. Akaja na mafundi wake na vikonyo vibichi, wakabebesha upya. Kazi yangu ilikuwa kushika nailoni za kufungia na kunyamaza. Kuna mashina yalikufa moja kwa moja, lakini mengi yalishika.

Msimu huu yamezaa. Miti mifupi, unachuma bibo umesimama wima.

Nikampeleka mama. Alizunguka shamba lote polepole, akasimama kwenye kila shina lililokufa. Halafu akachuma bibo moja, akalinusa, akajifuta macho na ncha ya khanga. Mimi nikajifanya naangalia simu.

Profesa naye alikuwepo, angekosaje? Shati jeupe, anawahutubia majirani kuhusu "mradi wangu". Akasogea.

"Mama, umeona? Si niliwaambia!"

Mama akamtazama weee.

"Miti imekusamehe, mkwe wangu. Mimi bado."

Majirani wakakumbuka wana kazi makwao.

Nilichojifunza: mti mzee unaweza kuanza upya, ila umkabidhi mtu anayesikiliza maelekezo hadi mwisho. Na mtaalamu wa video mwambie aanze na mti wa kwao.

Wenye mashamba ya urithi, nyie mlifanyaje, mlikata au mliuza? Na kuna yeyote humu aliyewahi kusamehewa na mama mkwe? Atupe mbinu. Shem yumo humu, anasoma kimya kimya.