Viatu vya Nahodha

Tarehe 14 Aprili 2023, nahodha, abiria saba na beberu mmoja wa mbuzi waliondoka Musoma kwa mtumbwi wa injini kuelekea Bukima. Dhoruba ilipowakuta, Dafroza, mmoja wa abiria, hakutazama mawimbi. Alitazama viatu vya nahodha. Mzee yule huchota maji yaliyoingia chomboni kwa kopo la rangi, na kila wimbi kubwa huliamkia, "Shikamoo!" Viatu vyake vyeusi havivui ziwani, na abiria huamini kwamba siku atakapovivua, chombo kitazama. Ghafla, katikati ya mvua iliyoficha kila kitu, nahodha akaanza kulegeza kamba za viatu.

"Tumekwisha!" akalia Dafroza, akajitupa majini. Wenzake wote wakamfuata. Maji yakawafika magotini.

"Mama, si tumefika?" nahodha akashangaa, viatu kwapani. "Mimi navivuaga nikifika."

Chomboni walibaki wawili: nahodha na beberu.