Gari Jipya na Maji ya Baraka

Kabla ya gari lile, kazi yangu ilikuwa kuosha tu. Fundi ndiye aliyekuwa anapaka seramiki, dawa ya majimaji inayokauka juu ya rangi ikawa ngumu kama kioo. Jumamosi ile akaniwekea chupa mkononi. "Leo paka wewe. Likiharibika, unarudi kwenye ndoo."

Lilikuwa pikapu jeusi, jipya, la mfanyabiashara mmoja wa Kamunyonge. Mbele fundi alikuwa ameshabandika plastiki nyembamba isiyoonekana, ya kuzuia kokoto. Kwingine kote nikapaka mimi, kidogo kidogo, nikifuta dawa kila ilipoanza kung'aa kama mafuta juu ya dimbwi. Nilipomaliza nikajiona mlangoni mpaka meno. Kumbe nilikuwa nacheka.

Fundi akamwambia mwenye gari lisiguswe na maji mpaka Jumatatu, maana tone likikaukia kwenye dawa mbichi linaacha doa. Akaitikia vizuri. Kesho yake, Jumapili, bosi huyo mwenye gari akanipa lifti, maana wote tulikuwa tunaenda kusali kwetu Butiama. Njia nzima nilikuwa natazama boneti.

Baada ya misa, mama yake bosi akatokea nje na padri. Padri alikuwa na ndoo ndogo ya maji ya baraka.

"Bosi," nikanong'ona, "maji."

"Hayo si ya kuosha. Ni ya kubariki. Kwetu gari haliendagi safari hivi hivi."

Mimi hata nikisalimiwa huwa natazama viatu. Lakini padri alipochovya kinyunyizio chake, sauti ikanitoka.

"Padri, naomba usilimwagie."

Watu wakasogea karibu. Mama akanigeukia. "Huyu naye katoka wapi? Anakataa baraka?"

"Sikatai, mama. Dawa bado mbichi. Nimeipaka mimi. Litaota madoa."

"Litakuwa kanga," mtu akasema nyuma, wakacheka.

Padri naye alicheka. "Ajali haianzii kwenye rangi," akasema. Akainama, akanyunyizia matairi, moja baada ya jingine, kisha akafungua mlango akanyunyizia viti. Tone moja likaruka likatua mlangoni, kwa nje. Nikalikimbilia na kitambaa changu laini, nikalinyonya kabla halijashuka.

"Umefuta baraka yangu," mama akasema.

"Imo humu, mama." Nikamwonyesha kitambaa.

Alikichukua, akapanda garini, akasugua usukani wote polepole kama anamwogesha mtoto. Halafu akakitia kwenye mkoba wake. Sikuthubutu kukidai.

Jumatatu gari lilirudi likaguliwe. Fundi akamulika mlango kwa tochi, juu, chini, ubavuni. Akatafuta doa, akakosa.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kimebaki Butiama, kwa mama yake bosi."

Akazima tochi. Alinipa kingine, akanipa na chupa. Nje kulikuwa na gari jeupe linasubiri.