Wifi Kwenye Orodha

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua pepe wateja wa duka la vifaa vya watoto wachanga. Tovuti ya duka ilimwonyesha nani amefungua ukurasa gani, naye akawapanga kwa makundi. Asubuhi moja, akiwakagua waliotazama vitanda kabla ya kuwatumia "Hongera, mama mtarajiwa!", akaliona jina la wifi yake. Mimba ya wifi huyo ilikuwa imetoka wiki tatu nyuma.

Akamfuta haraka kwenye orodha, akampigia simu kumweleza.

"Afadhali, wifi yangu. Maduka mengine bado yananipongeza, hata simu naogopa kuifungua."

Alipokata simu, akairudia ile barua. Juu kabisa ya barua akaongeza: "Kama hutaki habari hizi, bonyeza hapa," kisha akaituma. Kufikia mchana, kumi na mmoja walikuwa wamebonyeza, na mmoja akaandika, "Asante kwa kuuliza."