Kope la Sitaki

Mkwe wangu mwalimu kanisumbua wiki nzima: mama, andika habari ya Sitaki, kina mama wa kikundi waisome. Kwani mdomo wangu umekufa? Herufi zangu zinatembea kama kuku kwenye majivu. Haya, naandika. Atakayeshindwa kusoma aje aniulize.

Sitaki ni ng'ombe. Jina alilipata kwa kukataa kukamuliwa, ingawa wifi yangu, ambaye tumetenganishwa na ua tu, husema hilo ni jina la mwenye ng'ombe. Ndiye wa mwisho katika uzao wa ng'ombe alionipa mama yangu. Akifa yeye, wameisha.

Alianza kukonda huku anakula. Manyoya yakamsimama, akaharisha, maziwa yakashuka mpaka kikombe kimoja. Jioni moja akirudi kutoka malisho ya bondeni, nikaona kitu kinaning'inia chini ya taya, laini kama mfuko wa maji. Wifi akachungulia.

"Wifi, ng'ombe wako kaota kidevu cha pili."

"Wewe hata cha kwanza huna."

Nilimjibu hivyo, lakini hakucheka. Ng'ombe wake alikuwa na mfuko kama huo. Alikufa Jumatatu.

Daktari wa mifugo akaja asubuhi. Mfuko haupo. Nikaapa kwamba niliuona.

"Nakuamini, mama. Usiku hainamishi kichwa, maji yanatawanyika. Akiinama kula majani mchana kutwa, maji yanashukia tayani."

Akamvuta kope la chini. Ndani panatakiwa pawe pekundu. Palikuwa peupe kama karatasi hii.

"Minyoo ya ini. Inammaliza damu. Kaiokota kwenye majani ya majimaji huko bondeni. Dawa alipata lini?"

"Mwezi uliopita. Nilimpa mwenyewe."

"Kiasi gani?"

Nikatazama kwato. Dawa ilikuwa ya ng'ombe mmoja, nami niliwagawia watatu, Sitaki na wawili wa kununua, kila mmoja apate kidogo. Ndivyo nilivyolisha watoto saba, na hakuna aliyelala njaa.

"Basi hakuna aliyepata," akasema taratibu. "Minyoo imeonja tu."

Akamzungushia utepe kifuani, akasoma uzito, akapima dawa. Nikakataa mtu mwingine kumshika Sitaki. Nikamwinua kichwa juu kabisa, kama nilivyofanya miaka yote. Dawa ikamiminwa. Akakohoa. Akakohoa tena, magoti yakalegea.

"Shusha kichwa, mama. Itaingia mapafuni."

Mikono yangu haijazoea kuamrishwa. Ilichelewa. Nilipoachia, Sitaki alisimama macho yamemtoka, pumzi inakwaruza. Wifi alikuwa ameshika ua kwa mikono miwili.

Kisha Sitaki akameza mate, akanipiga mkia usoni.

Iliyobaki tulimpa kichwa kikiwa sawa na mgongo, kidogo kidogo, pembeni mwa mdomo. Daktari akanikataza maziwa yake mpaka aniruhusu, na bondeni nisimpeleke tena. Nilitii yote mawili, kwa shida.

Kila asubuhi nilimvuta kope. Peupe. Peupe. Wifi alikuwa akiuliza kwa macho tu. Siku ya kumi na sita nikaona wekundu mwembamba kama uzi, nikamwita wifi aje aone mwenyewe. Alilia. Nilijifanya sikuona.

Sasa weka karatasi hii chini. Nenda zizini, mvute ng'ombe wako kope la chini, kisha uje kwangu uniambie rangi uliyoiona. Usitume mtu.