Viroboto wa Mama

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za kutandikwa nyasi sakafuni tunajuana. Ukimwona mtu wa umri wangu anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, halafu anatafuta pa kukaa chini wakati makochi yapo, ujue huyo ni mwenzetu. Vijana wanatucheka. Wacheke tu. Hawajawahi kukalia nyasi zilizokatwa jana yake kule rweya, uwandani, zikiwa bado na harufu ya mvua, mgeni anatafuna kahawa taratibu na wewe mtoto umepiga magoti kusalimia mpaka magoti yanachorwa mistari.

Nyumbani kwetu, mbele kidogo ya Kanazi, nje ya Bukoba, mama yangu ndiye aliyekuwa fundi wa nyasi. Alizilaza zote zikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na kila palipokuwa na harusi aliitwa yeye kutandika. Wanawake wengine walikuwa na vitenge vya kuvalia kanisani. Mama alikuwa na nyasi zake, na alijivunia waziwazi.

Tulikuwa pia na mbwa, Siasa. Jina alipewa na baba, kwa sababu alibweka kuanzia asubuhi hadi jioni na hakuwahi kumng'ata mtu. Mwenyekiti wa kijiji hakulipenda jina hilo hata kidogo, ila kila alipotaka kueleza kwa nini, maneno yalimkwama.

Ujamaa ulikuwa umepamba moto. Tulikwenda shule na jembe begani na fagio mkononi, tukaimba nyimbo za kuwalaani wanyonyaji, kupe na mirija yao, na mwalimu akatukagua kucha kabla ya hesabu. Tukirudi tulikuta ndizi na maharage yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Msimu wa senene, wale panzi watamu, ukifika, kengele ya shule ililia peke yake, sisi tuko vichakani. Na kila Jumamosi kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kilikwenda kwenye shamba la ujamaa. Zamani Jumamosi ilikuwa siku ya wanawake kukata nyasi na kutandika upya. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Mwaka huo Siasa alianza kujilamba. Alianza na paja, akaenda kwenye shina la mkia, akamalizia na miguu ya mbele. Alilamba wakati sisi tunakula, akalamba wakati tunasali rozari, ule mlio wa ulimi ukachanganyika na Salamu Maria mpaka baba akamrushia kandambili. Manyoya yakanyonyoka, ngozi ikawa nyekundu, kisha vikatokea vidonda vibichi vinavyotoa majimaji.

Kila mtu alikuwa daktari. Baba alimpaka oili chafu ya lori. Jirani akaleta maji ya tumbaku. Mimi niliiba samli ya mama, nikampaka kwa huruma zangu zote. Siasa akailamba yote, akailamba na ngozi iliyokuwa chini yake, halafu akanitazama kuuliza kama imebaki nyingine. Nikamfunga kitambaa, akakichana. Nilikuwa na miaka kumi na nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimeambiwa dawa ni upendo.

Kaka yangu alipokaribia kupata kipaimara, baba hakutaka wageni wamwone mbwa wa vidonda. Akamfunga nje ya kibanja, shamba letu la migomba, mahali palipokuwa peupe pa kuanikia kahawa, udongo mtupu uliofagiliwa. Nilimpelekea chakula kwa siku saba. Siku ya tano vidonda vilikuwa vimekauka. Siku ya saba niliona manyoya mapya, mafupi kama ndevu za mzee aliyenyolewa jana. Halikuwapo hata tone la dawa.

Nilimrudisha nyumbani nikiimba. Siasa alikuwa na kamchezo kake: mchana, watu wote wakiwa kibanjani, anaingia sebuleni na kulala kwenye nyasi za mama. Baada ya siku mbili akaanza tena kulamba. Hapo nikajiuliza swali ambalo wakubwa wote hawakujiuliza: huku ndani analalia nini? Nilipiga magoti pembeni ya ukuta, nikafunua nyasi. Juu palikuwa na nyasi za kijani, nzuri. Chini yake za mwezi uliopita. Chini ya hizo palikuwa na matabaka meusi, yenye joto na unyevu, na nilipotoa mkono ulikuwa na vidoadoa vinavyoruka.

Nilimwambia mama. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alifunga mlango wa mbele, akaja akaangalia, akarudishia nyasi vizuri kwa kiganja.

"Koku, neno hili lisivuke mlango," akasema. "Unataka mama yako achekwe?"

Mimi nikamjibu, "Na Siasa, waitu?" Mtoto wa siku zile kumjibu mzazi namna hiyo, hata kwa waitu ya heshima, lilikuwa jambo zito. Mama akatoka nje.

Wiki hiyohiyo Mwenyekiti alitangaza kwamba watoto wengi shuleni wana upele na vidonda miguuni, na chanzo ni mbwa. Mbwa yeyote mwenye vidonda aletwe Jumamosi kwenye shamba la ujamaa, mgambo watamaliza kazi baada ya kulima. Nilijikuna huku namsikiliza. Darasa zima lilikuwa linajikuna, na hata mwalimu niliwahi kumwona akisugua shavu la mguu wake kwenye kona ya meza.

Jumamosi hiyo tulikuwa na mbwa tisa wamefungwa pembezoni mwa shamba. Siasa hakubweka hata mara moja. Mgambo mmoja alikuwa na bunduki, wengine marungu. Nililima tuta moja nikiwa siioni ardhi kwa machozi. Mama alikuwa tuta la pili, analima tu, hageuki, na moyoni nilimchukia. Nasema kweli, siku ile nilimchukia mama yangu kwa sababu ya nyasi.

Filimbi ya kumaliza kazi ilipolia, Mwenyekiti alisimama kuhutubia. Alikuwa amefika kwenye maneno ya adui maradhi mama alipotua jembe na kuinua mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, waitu," akasema. "Mbwa hawana kosa. Viroboto ni wangu."

Baba aliangalia chini.

"Wako nyumbani kwangu, chini ya nyasi mnazozisifia. Huyu mbwa akilala kwenye udongo mtupu anapona, akirudi kwangu anaoza. Na nitawaambia kwa nini. Jumamosi yangu ya nyasi mmeichukua. Sina muda wa kufagia nyumba yote na kuikausha, basi natandika mpya juu ya kuukuu ili mkija mseme Mama Koku ni msafi. Kama ni kupiga risasi, anzeni na nyumba yangu."

Mwenyekiti alisema huo ni upinzani. Mama akamwambia kama kukata nyasi ni upinzani, basi aliandike jina lake mwanzo kabisa wa orodha. Hakupandisha sauti.

Mwanamke mzee kutoka nyuma akasema, "Na kwangu wapo." Mwingine akasema kwake wapo hata kitandani. Halafu mke wa Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa kimya na mtoto mgongoni, akasema bila kumtazama mumewe, "Na kwetu wapo, Baba Deo." Hapo mkutano ukavunjika kwa kicheko, na ukishacheka huwezi tena kumpiga mbwa risasi. Mgambo walianza kufungua kamba wenyewe.

Wanawake walirudishiwa Jumamosi moja kila baada ya mbili. Tulitoa nyasi zote nje, tukazichoma mbali na migomba, tukakwangua sakafu, tukasiriba majivu na kinyesi cha ng'ombe, nyumba ikakaa wazi inaanikwa siku tatu. Siasa tulimwogesha kwa sabuni na maji ya chumvi, tukamchagua viroboto mmoja mmoja. Aliota manyoya kila mahali isipokuwa kipara kimoja pajani, ambacho alizeeka nacho. Na miguu yetu ikapona.

Lakini mama hakuitwa tena kutandika harusi, karibu mwaka mzima. Wanawake wale wale waliosema "na kwangu wapo" ndio walioitana wao kwa wao. Baba alimnunia siku mbili. Mama hakuomba radhi kwa mtu. Alitandika nyumba yake mwenyewe, nyasi chache, za siku hiyo, na mgeni akitaka kufunua alikaribishwa afunue.

Sasa naishi mjini Bukoba na mjukuu wangu ana kijibwa cheupe kinachooshwa kwa shampuu inayonukia kuliko harusi yangu. Juzi kilianza kujilamba miguu mpaka ikawa myekundu. Mjukuu akakipiga picha, akawatumia rafiki zake, wakamshauri mara chakula, mara mzio, mara akigawe achukue kingine. Nikamwambia afunue zulia. Tulifunua wote wawili. Tulivyovikuta havisemeki.

"Bibi, usimwambie mtu," akaninong'oneza, simu bado mkononi.

Enzi zetu tulikuwa na viroboto wengi kuliko wa kwenu, wala sitawadanganya. Tulikuwa na viongozi wasiotaka kusikia, kama wenu. Ila mwanamke aliyesoma hadi darasa la nne alisimama mbele ya bunduki na kijiji kizima akataja uchafu wake mwenyewe ili mbwa apone. Ninyi mna nyumba za vigae na picha za kila kona iliyofagiliwa, na sijamsikia hata mmoja wenu akisema kitu fulani ni chake kama hakipendezi.

Pale pale mbele ya mjukuu nilifungua dirisha la barazani, nikamwita jirani anayenisifia kila siku kwa usafi, nikamwambia aje aone viroboto wangu.