Mshumaa Uliowashwa Mapema

Harufu ya nta ya mshumaa uliozimwa hunirudisha Nyakabiga, mtaa wetu wa Bujumbura, Februari moja ya utoto wangu, ndani ya kanisa lenye joto na miavuli iliyolowa. Wingu lilikuwa limeukalia mlima ulio juu ya mji tangu asubuhi. Ilikuwa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya kubarikiwa mishumaa, na kila nyumba ilirudi na wake. Wetu mama aliufunga kwa kitambaa cheupe, akauweka juu ya kabati. Haukuwa wa kuchezea. Uliwashwa radi ilipozidi kutisha. Zaidi ya hapo ulimngoja mtu wa nyumbani atakayekata roho, ashikishwe mkononi. Sisi watoto tulipita karibu na kabati lile kwa adabu, kana kwamba kuna mgeni amelala juu yake.

Mwaka ule mama alikuwa na uvimbe shingoni. Aliufunika kwa leso akisema ni baridi, na katika joto la Bujumbura nani wa kuamini hayo? Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku iliyofuata sikukuu ile ilikuwa ya Mtakatifu Blasi, ambapo padri huweka mishumaa miwili iliyofungwa msalaba chini ya kidevu cha kila muumini na kuliombea koo lake. Nilisimama nyuma ya mama. Alivua leso mwenyewe. Padri akaweka mishumaa, ikateleza. Akaiweka tena, ikakataa kukaa. Kisha akaweka mkono mtupu juu ya uvimbe na kumalizia sala kwa sauti ya chini. Zamu yangu ilipofika, mishumaa ilikaa vizuri, nami nikaionea haya shingo yangu.

Baada ya hapo mambo yalienda kimyakimya. Baba alirudi kutoka kwa madaktari, akatia chumvi kwenye chai na kuinywa yote. Shangazi, dada yake mkubwa, akateremka kutoka milimani na mzigo wa nguo nyingi kuliko za matembezi. Siku ya pili nilimwona akiutoa mshumaa juu ya kabati na kuuingiza chini ya mto wa mama. Niliogopa hata kukitazama kile kitanda.

Jioni moja umeme ukakatika tukiwa tumeketi kula, mvua inapiga bati, adhana ya Buyenzi, mtaa wa jirani, ndiyo kwanza imekwisha. Mama akaenda chumbani, akarudi na mshumaa ule, akauwasha katikati ya sahani. Shangazi aliinuka nusu.

“Wifi, iyi si mushumaa ya kulia chakula.”

“Acha iwake,” mama akasema kwa sauti iliyokwisha kukwaruza. “Mi nataka kuona watoto wangu wakikula. Ile siku ingine, Mungu mwenyewe ataniangazia.”

Tukala ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, macho yake yakituzunguka mmoja mmoja. Tangu hapo aliuwasha kila umeme ulipokatika, na kabla ya kula alisali maneno yaleyale: Bwana, utakalo lifanyike. Nilimkasirikia kwa sala ile. Nilitaka agombane na Mungu, amwambie hapana.

Alifariki mchana, Jumapili ya Matawi ikikaribia. Shangazi alitafuta mshumaa, akapata kipande kisichotosha hata kushikwa. Kikawaka kidogo na kuzimika, na mama bado anapumua. Basi akanivuta, akauweka mkono wangu ndani ya kiganja cha mama kilichokuwa kimefunguka, akakikunja. Waombolezaji walisema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nilikaa miaka mingi bila kuweza kulisema hilo.

Sasa nimeupita umri wa mama. Kanisa ni lilelile, mlima bado huvaa wingu Februari, na umeme hukatika kama zamani, ila watoto wangu hukimbilia taa ya simu. Nawaambia waizime. Mshumaa wangu nauwasha jioni ileile ya sikukuu, mezani, na sala ya mama naisali, ingawa “utakalo” nalitamka kwa kunong'ona. Shangazi, tunayeishi naye, amezeeka lakini hajaacha kunung'unika.

“Unaimaliza,” husema. “Siku yako utashika nini?”

Nawatazama watoto wakigombania ndagala wa mwisho, mikono yao imejaa mafuta.