Mshauri Aliyetupa Maharagwe Mazuri

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, na nyumba yangu ya mawe niliijenga kwa kuuza maharagwe soko la Gakoromone, nikiyapima kwa kopo, gorogoro moja moja. Kwa hivyo ofisa wa kaunti alipokuja sokoni kutafuta mtu wa kuketi kwenye kamati ya watoto, sikungoja kupendekezwa. Nilienda na kiti changu.

Tulikuwa wanne: ofisa huyo, mchungaji, mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, na mimi kwa upande wa soko. Kaunti ingeleta mshauri wa watoto wenye mawazo mazito, wasaidiwe mapema, na sisi wenyeji tuseme akae wapi na awafikie vipi. Kanisa likatoa meza, shule ikatoa viti, soko likatoa chumba.

Jambo moja sikulisema. Nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto wa aina hiyo. Binti yangu aliolewa huko chini Mbeere, na yeye na mume wake walipoenda Nairobi kutafuta kazi waliniachia msichana wao wa miaka minane. Mwezi wa kwanza aliongea. Kisha akanyamaza kabisa, nyumbani na shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia kwamba akimaliza muhula hivyo, atapelekwa shule maalum ya bweni, mbali. Nilimjibu kuwa mjukuu wangu si mgonjwa, ana adabu tu. Kwenye kamati nilitetea watoto wa watu. Wangu nilimfunika kama gunia wakati wa mvua.

Mshauri akaja, msichana mpole kutoka Embu mjini, na daftari jipya. Wiki tatu akakaa chumbani peke yake. Ofisa akasema kama watoto hawaji, mshauri atapelekwa Laare, mji mwingine. Mchungaji akasema tuombe.

"Watoto wanaogopa," mwalimu mkuu akasema.

"Wanaogopa nini?" nikauliza.

"Mama, hicho chumba si ndicho mnachohukumia wezi wa soko?"

Ni kweli. Kila mtoto wa Gakoromone amewahi kuona mtu mzima akitoka mle ndani akilia. Watu wanne wenye akili zetu, na hakuna aliyelifikiria.

"Basi atoke humo, aje kibandani kwangu," nikasema. "Huku kwetu watu huongea mikono ikiwa na kazi. Achague maharagwe na watoto."

"Na mtoto wa kwanza atatoka wapi?" Mwalimu mkuu alinitazama bila kupepesa jicho.

Nilitaka kumtukana. Nikasema, "Kwangu."

Alhamisi, watoto walipotoka shuleni, nilitandika gunia nyuma ya kibanda na kuweka teo tatu za kupepetea. Mshauri alinionya nisimjibie mtoto. Kwangu mimi hiyo ni adhabu, lakini nilikubali. Alhamisi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nikaona yule mshauri aliyesoma hadi chuo kikuu anatupa maharagwe mazima chini na kuacha mabovu kwenye uteo. Nikauma ulimi.

"Unatupa mazuri," sauti ikasema.

Ilikuwa ya mjukuu wangu. Mshauri hakushtuka.

"Nionyeshe basi."

"Hili limetobolewa na wadudu. Hili halijatobolewa. Kwani huoni?"

Jirani yangu muuza viazi akaangua kicheko. "Huyo ni wako kabisa, mama. Mdomo ni huo huo."

Wakaendelea kuchagua. Baada ya muda mshauri akasema, "Unajua kufundisha. Shuleni pia unafundisha wenzako?"

"Shuleni siongei."

"Kwa nini?"

"Watanicheka. Hata shosho huyu hapa alinicheka."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku moja, mwezi ule wa kwanza, alimsalimia mteja kwa Kimbeere, lugha ya kwa baba yake, nami nikamwiga mbele ya foleni. Watu walicheka vizuri sana. Nilijiona hodari. Sikujua kwamba nilikuwa nimemfunga mdomo.

Mimi sijui kumwomba mtoto msamaha, sikulelewa hivyo. Nilimtazama mshauri anisaidie. Akainamia uteo wake.

"Nilikosea," nikamwambia mjukuu wangu. "Nifundishe kuhesabu kwa Kimbeere. Ukitaka kunicheka, nicheke."

Alifikiri kidogo, akaanza. Nilipofika tatu alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

Wiki iliyofuata muuza viazi alileta wake, kisha muuza nyanya akaleta wawili. Kamati ikafuta meza na viti kwenye makubaliano yetu na kaunti, tukaandika teo, magunia na maharagwe. Ofisa akauliza atawaelezaje wakubwa wake habari ya maharagwe. Nikamwambia waje wachague. Mshauri hakwenda Laare.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu alikuja kununua gorogoro mbili. Mjukuu wangu alimpimia huku akihesabu kwa sauti, kwanza kwa Kimbeere, kisha kwa Kiswahili, na akamkemea kwa kusahau mfuko.

"Tutaonana shuleni kwetu muhula ujao," mwalimu mkuu akamwambia.

Nami nikataka kuonyesha kwamba nimejifunza, nikamhesabia mteja aliyefuata kwa Kimbeere. Mtoto akanirekebisha mbele ya watu wote. Foleni nzima ikacheka. Nikaiacha icheke.